Goti la Stelingi

Kabla hujamwinua mzee kutoka kitini, unamwelekeza mambo matatu. Asogee hadi ukingo wa kiti. Avute miguu nyuma mpaka nyayo zikae chini ya magoti. Kisha ainame mbele, pua ipite vidole vya miguu, ndipo asukume. Akijaribu kuinuka mgongo ukiwa wima, atarudi kitini puu. Maneno hayo nimeyarudia mara nyingi mno katika kazi ya kutunza wazee hapa kati ya Dallas na Fort Worth, kazi iliyotupokea wengi tuliotoka Afrika Mashariki, na tangu niifahamu siwezi tena kutazama sinema ya mapigano kwa macho yale ya utotoni.

Alasiri moja nilikuwa nimemfunga mzee mmoja ule mkanda mpana wa kiunoni tunaoushika ili asianguke. Runinga ilikuwa inarudia kipindi cha zamani, Walker, Texas Ranger. Chuck Norris akabwagwa sakafuni, picha ikakatwa, ilipoungana tena Norris yu wima na teke liko hewani. Mzee wangu, ambaye ujana wake uliishia kwenye visima vya mafuta, alitazama mpaka teke likamfikia adui, kisha akasema, "Hawakutuonyesha alivyoinuka."

Nimekaa na sentensi hiyo muda mrefu, maana naona inafika ndani ya jambo ambalo watu hulibishania kila stelingi mkongwe anapotoa filamu mpya. Kwa kawaida swali huulizwa hivi: mtu wa miaka 60 na ushei anawezaje kuwalaza chini vijana 6 wenye miaka 25? Likiulizwa hivyo halina mwisho, kwa sababu wapo watakaocheka na wapo watakaosema sinema ni sinema. Mimi nasema ngumi haijawahi kuwa tatizo. Mwili hauzeeki wote siku moja. Una foleni yake. Mabondia wanaijua: miguu huondoka kwanza, pumzi hufuata, na uzito wa konde hukaa hadi mwisho. Madaktari wanaieleza kwa hesabu. Misuli huanza kupungua baada ya miaka 30, kwa asilimia 3 hadi 8 kila muongo, na kasi huzidi baada ya 60. Nyuzi za misuli zinazoumia zaidi ni zile za kuchomoka na kuruka. Kasi ya juu ya mapigo ya moyo nayo hushuka, karibu pigo moja kila mwaka. Filamu inayoiheshimu foleni hiyo tutaiamini hata stelingi akiwa na miaka 80. Inayoiruka tutaitilia shaka hata akiwa na 45.

Mahali pazuri pa kupimia dai hili ni hapa Texas, ambako sinema za wakongwe zimepigwa picha na ngumi za kweli za wakongwe zimeonekana na maelfu ya watu, pengine katika eneo moja na mwaka uleule.

Mwaka wenyewe ni 1993, na mji ni Arlington, uliokaa katikati ya Dallas na Fort Worth. Nolan Ryan alikuwa na miaka 46. Amekulia Alvin, kusini mwa Houston, akazichezea timu za besiboli za Houston Astros kisha Texas Rangers, na kazi yake ilikuwa kusimama juu ya kichuguu cha udongo na kumrushia mpigaji mpira mgumu kwa kasi ya kutisha. Miaka miwili kabla, tarehe 1 Mei 1991, akiwa na miaka 44, aliimaliza mechi nzima bila mchezaji yeyote wa Toronto kupata pigo halali hata moja. Ilikuwa mara yake ya 7 maishani, na hakuna mrushaji mwingine aliyefika huko. Tarehe 4 Agosti 1993 mpira wake ulimgonga Robin Ventura wa Chicago White Sox, kijana wa miaka 26. Ventura akapiga hatua chache kuelekea beisi ya kwanza, akatupa gongo, akageuka na kumkimbilia mzee.

Picha za tukio hilo zipo, na ninaomba kila anayebishana kuhusu mastelingi wazee azitazame akiwa ameelekeza macho kwenye miguu. Ryan hakukimbia, mbele wala nyuma. Alisubiri. Gharama ya safari yote aliilipa kijana, aliyefika ameinamisha kichwa. Ryan akamtia kabali kwa mkono wa kushoto na kumshindilia ngumi kama 6 za kichwa kwa mkono wa kulia kabla wachezaji wengine hawajawarukia. Ventura alitolewa mchezoni. Ryan alibaki, akaendelea kurusha, na Rangers wakashinda. Mkono uliofanya kazi hiyo ulikuwa umerusha mipira kwa zaidi ya miaka 25, na mwenyewe alikuwa mfugaji wa ng'ombe aliyezoea kushika shingo ngumu kuliko ya Ventura. Hakuna hata mita moja aliyodai kutoka kwenye magoti yake.

Bili ilikuja baadaye. Tarehe 22 Septemba mwaka huohuo, akiwa Seattle, kano ya kiwiko chake ilichanika katikati ya mchezo. Akashuka kwenye kichuguu na hakurusha tena kama mchezaji. Ni wiki 7 tu tangu siku ile ya kabali.

Walker ilianza kurushwa na CBS tarehe 21 Aprili 1993, siku chache baada ya msimu huo wa mwisho wa Ryan kufunguliwa, nayo ikipigwa picha katika eneo hilihili. Norris alikuwa ametimiza miaka 53; kipindi kilipokoma mwaka 2001 alikuwa na 61. Huyu hakuwa mwigizaji wa kufundishwa ngumi wiki mbili kabla ya kamera. Alikuwa bingwa wa karate, na mwaka 1972 alipigana na Bruce Lee ndani ya Colosseum ya Roma katika Way of the Dragon, pambano ambalo watoto wa rika langu tulilijua kila hatua.

Kule Magomeni, Dar es Salaam, tulilitazama kwenye kibanda cha video, mabenchi ya mbao na shuka nene mlangoni, Lufufu akitutafsiria kwa sauti iliyofunika sauti za Wazungu. Wenzetu wa Kenya walikuja kuwa na DJ Afro wao, na Kampala hata leo filamu hazinogi bila msimuliaji. Sheria ya kibandani ilikuwa moja: stelingi hafi. Adui akimzidi nguvu dakika ya 20, hakuna aliyehuzunika. Jina la Rambo lilitutawala hadi mfuko wa plastiki wa sokoni tukauita rambo, na nadhani wapo waliobeba rambo miaka yote bila kujua kwamba ni mtu. Hata hivyo nikikumbuka vizuri, kilichotushika kwa Rambo hakikuwa bunduki. Kilikuwa kile kitendo cha kujishona mkono mwenyewe kwa sindano na uzi, msituni, katika filamu ya kwanza ya mwaka 1982. Kibanda kizima kilinyamaza. Mtu anayeumia tulimwelewa.

Na hili halikuanza na video. Watu wa pwani walipomsimulia Fumo Liyongo, jitu la Pate lisilopenywa na mkuki wala mshale, hawakumwacha bila upenyo. Walimpa kitovu, na sindano ya shaba ya kumfikia hapo, na mtoto wa kumzaa mwenyewe wa kuishika. Akafa amepiga goti kisimani, upinde umevutwa, na mji mzima ukaogopa kumsogelea kwa siku kadhaa. Wasikilizaji wa Kiswahili wameomba kitovu cha shujaa tangu zamani sana. Tunataka kujua anaumia wapi.

Sasa rudi kwa Walker. Teke lake la kuzunguka lilikuja kuwa alama ya kipindi, na mara nyingi lilionyeshwa kwa mwendo wa polepole. Mwendo wa polepole kwa kijana ni urembo. Kwa mtu wa miaka 58 ni kivuli cha kujificha, maana unatuonyesha mguu ulipofika na kutuficha ulitumia muda gani kufika. Kipindi chenyewe ninakipenda, na kuna jambo ambalo watengenezaji wake walilipatia: Norris husimama. Hasemi sana, hakimbii sana, maadui ndio wanaomjia, kama Ventura alivyomjia Ryan. Walipokosea ni asubuhi ya pili. Kwa miaka 8 mtu huyu aligongwa, akatupwa, akachomwa kisu, na wiki iliyofuata alishuka kwenye gari lake kana kwamba amelala saa 9 kila usiku. Sisi tunaofanya kazi na wazee tunajua kwamba anguko lenyewe si habari kubwa. Habari ni wiki 6 zinazofuata.

Houston ina ushahidi mzito zaidi, na nusu yake iko Kinshasa.

Tarehe 14 Novemba 1966 Muhammad Ali, akiwa na miaka 24, alipigana na Cleveland Williams ndani ya uwanja wa Astrodome. Watu zaidi ya 35,000 waliona miguu ambayo wajuzi wengi wa ndondi wanaiona kuwa bora kupata kutokea katika uzito wa juu. Williams alikuwa na miaka 33 na jeraha la risasi la mwaka 1964, hivyo ushindi wenyewe haukuwa na maajabu. Maajabu yalikuwa jinsi Ali alivyoelea. Pambano liliisha raundi ya 3. Miezi 5 baadaye, tarehe 28 Aprili 1967, katika jiji hilohilo la Houston, Ali alikataa kuingia jeshini. Akanyang'anywa leseni na ubingwa, na hakurudi ulingoni hadi Oktoba 1970. Alirudi na mikono, akili na mdomo. Miguu ya Astrodome haikurudi.

Kwa hiyo alipofika Kinshasa tarehe 30 Oktoba 1974 kupigana na George Foreman, mtoto wa mtaa wa Fifth Ward wa Houston, alikuwa na miaka 32 dhidi ya 25, na watu wengi waliamini anakwenda kuumizwa vibaya. Tunayakumbuka mambo ya kamba: Ali ameegemea, Foreman anatwanga hadi mikono inamlemea, raundi ya 8 Foreman chini. Afrika nzima ilishangilia ujanja. Mimi naona pale kitu ambacho mwongozaji yeyote wa filamu angepaswa kukisoma kama somo la darasani. Mtu ambaye hawezi tena kucheza kwa miguu dakika 45 alitafuta mahali ambapo miguu haihitajiki, akamfanya kijana aende na kurudi. Aliigiza kulingana na mwili aliokuwa nao.

Foreman alilipokea somo lile kwa maumivu, akalitumia miaka 20 baadaye. Aliacha ndondi mwaka 1977, akawa mhubiri Houston, akarudi ulingoni 1987 akiwa mnene na mwenye miaka 38. Katika awamu hiyo ya pili alizoeleka kusimama kwenye kona yake kati ya raundi badala ya kuketi. Wengi walidhani anawatisha wapinzani. Mimi kila ninapomwona amesimama vile nakumbuka ukingo wa kiti na pua kupita vidole vya miguu: kuketi ni rahisi, kuinuka ndiko kunakomaliza akiba. Tarehe 5 Novemba 1994, mjini Las Vegas, alimkabili bingwa Michael Moorer, miaka 45 dhidi ya 26. Alivaa bukta ileile nyekundu ya Kinshasa, na kwenye kona yake alikuwapo Angelo Dundee, aliyekuwa mwalimu wa Ali usiku ule wa Zaire. Raundi 9 alipigwa na kuachwa nyuma kwa pointi za majaji wote. Alitembea taratibu, akarusha ngumi nyepesi ya kushoto, akangoja. Raundi ya 10 mkono wa kulia ukafika, na Moorer akalala. Foreman alifariki Houston mwezi Machi 2025, na hadi leo hakuna aliyetwaa ubingwa wa dunia wa uzito wa juu akiwa na umri mkubwa kuliko ule.

Miaka 12 baada ya usiku huo wa Las Vegas Sylvester Stallone, akiwa na miaka 60, alitoa Rocky Balboa. Wapo waliomdhihaki kabla hawajaiona. Ndani yake kuna mahali ambapo mwalimu anayataja mambo ambayo mwili wa Rocky hauwezi tena, kiungo kwa kiungo, magoti yakiwamo, kisha anaamua watajenga juu ya kilichobaki, yaani uzito wa ngumi. Na Rocky anashindwa kwa pointi. Filamu ile ni ya kuaminika kuliko nyingi alizozifanya akiwa na miaka 40.

Kama mtu angetaka kunipinga kwa kusema Ryan na Foreman walikuwa watu wa pekee, ningempeleka AT&T Stadium, Arlington, tarehe 15 Novemba 2024. Mike Tyson, miaka 58, dhidi ya Jake Paul, miaka 27. Pambano lilitakiwa kufanyika Julai likaahirishwa kwa sababu ya vidonda vya tumbo vya Tyson. Raundi zilikuwa 8 za dakika 2 badala ya 3, glovu za aunsi 14 badala ya 10. Watu zaidi ya 72,000 waliingia uwanjani na mamilioni wakatazama majumbani. Mimi nilikuwa sebuleni kwa rafiki, tumejazana Watanzania, Wakenya na Wakongo, sambusa mezani, na hakuna aliyekuja kumwona Paul. Tulikuja kumwona stelingi.

Raundi ya kwanza alisogea, akarusha, tukapiga kelele. Kuanzia ya tatu nilianza kuangalia magoti, moja likiwa limefungwa. Yalikuwa yamekakamaa. Tyson wa zamani alikuwa akiinama chini ya ngumi na kuibukia upande wa pili, na kuinama kule kote hufanywa na mapaja. Usiku ule alisimama wima, akazitafuna glovu zake, akapiga hatua nusu nusu. Kwa raundi zote 8 ngumi zake zilizofika zilihesabiwa 18, za Paul 78. Mama mmoja wa Bukavu aliyekuwa nasi akasema taratibu, "Muacheni baba wa watu apumzike." Kabla ya kengele ya mwisho Paul mwenyewe akainama kumpa heshima. Majaji wote wakampa kijana.

Kilichonisikitisha usiku ule, na nakisema kwa uchungu wa mtu aliyempenda Tyson, ni kwamba matangazo ya wiki zilizotangulia yalituonyesha vipande vya mazoezi vya sekunde 3, sekunde 4, ngumi zikitua kama radi. Vilikuwa vya kweli. Mkono ulikuwepo. Kamera ilikatwa tu kabla miguu haijaanza kusema.

Hiyo ndiyo kazi ya mkasi katika sinema za wakongwe. Katika Taken 3 ya mwaka 2014, Liam Neeson, aliyekuwa na miaka 62, anaruka uzio wa waya, na tendo hilo la sekunde chache limekatwa zaidi ya mara 10. Kila mkato ni mahali ambapo goti limefichwa, na jicho la mtazamaji linajua hata kama mwenyewe hawezi kueleza. Linganisha na The Highwaymen ya 2019, inayomhusu Frank Hamer, askari mstaafu wa kikosi cha polisi cha Texas Rangers aliyewasaka majambazi Bonnie na Clyde, watoto wa West Dallas, mwaka 1934. Kevin Costner, miaka 64, anamkimbiza kijana mtaani na hampati. Anabaki ameinama, anahema, mkono umeshika paja. Tangu hapo kila anachofanya Hamer nilikiamini, hadi risasi za mwisho, kwa sababu nilikuwa nimeiona bili ikilipwa. Tommy Lee Jones alifanya hivyohivyo katika No Country for Old Men mwaka 2007: sherifu mzee anayefika kila mahali akiwa amechelewa. Hata Tom Cruise, ambaye huwa anaishinda foleni kwa mazoezi ya ajabu, alivunjika kifundo cha mguu London mwaka 2017 alipokuwa akiruka kutoka jengo hadi jengo, akainuka akachechemea hadi nje ya picha, na picha hiyo ikabakizwa kwenye filamu. Alikuwa na miaka 55. Hatua zile mbili tatu za kuchechemea zina uzito kuliko helikopta zote za filamu ile.

Kompyuta nayo haijalishinda goti. The Irishman ya 2019 ilimfuta Robert De Niro makunyanzi na kumrudisha ujanani, kisha ikamwambia ampige mwenye duka na kumkanyaga barabarani. Uso ni wa kijana. Mguu unaokanyaga ni wa mtu wa miaka 70 na kitu, unapanda kidogo, unashuka kwa uangalifu, nyonga haizunguki. Niliitazama sehemu hiyo pamoja na wenzangu wawili wa kazini, na sote watatu tuliliona lile jambo palepale.

Dallas ilikuwa imeonyesha njia nyingine kabisa mwaka 1987. RoboCop inasimulia habari za Detroit lakini ilipigwa picha hapa, na jumba la jiji la Dallas, lile lililobuniwa na I. M. Pei likiegemea mbele kama linataka kuanguka, ndilo lililofanywa makao ya kampuni katili. Sehemu ya pili, ya 1990, ilipigwa Houston. Peter Weller, aliyemwigiza RoboCop, alikuwa na karibu miaka 40 ndani ya vazi zito, akafundishwa namna ya kutembea na mwalimu wa maigizo ya bubu. Shujaa yule ni mzito na wa polepole. Anageuza shingo kwanza, mwili unafuata. Hakimbii hata siku moja. Tulimwamini kwa sababu kila hatua ilikuwa na uzani wake. Mastelingi wa miaka 60 wangejifunza mengi kwake.

Houston ina mahali pengine ambapo uzee ulipewa nafasi ya haki, nako ni kituo cha anga cha Johnson. Angani goti halibebi kitu. Tarehe 29 Oktoba 1998 John Glenn alirushwa na chombo cha Discovery akiwa na miaka 77, na sababu mojawapo ilikuwa utafiti: mwili unaoelea bila uzito hupoteza misuli na mifupa kwa namna inayofanana na uzee, hivyo wanasayansi walitaka kumtazama mzee mwenyewe katika hali hiyo. Miaka 2 baadaye Clint Eastwood akatoa Space Cowboys, sehemu yake ikipigwa kituoni hapo: wazee 4 walionyimwa anga mwaka 1958 wanaitwa kuirekebisha satelaiti. Kuna watu waliiona kichekesho. Mimi naiona mojawapo ya filamu zenye hesabu sahihi zaidi, maana iliwapeleka wazee mahali ambapo ujuzi una thamani na magoti hayana. Na mwaka 2025 mwanaanga Don Pettit alitua kutoka angani baada ya siku 220, siku aliyotimiza miaka 70.

Lakini wale 4 wa Eastwood wote ni wanaume, na hapo nina neno. Grapevine, mji ulio karibu na uwanja wa ndege wa Dallas–Fort Worth, ndiko alikoishi Wally Funk, rubani aliyefaulu vipimo vya wanaanga mwaka 1961 pamoja na wanawake wengine 12 na kunyimwa nafasi. Alilazwa gizani ndani ya tangi la maji kwa zaidi ya saa 10 bila kutaka kutoka. Akangoja miaka 60. Tarehe 20 Julai 2021, akiwa na miaka 82, alirushwa kutoka magharibi mwa Texas hadi ukingo wa anga. Hadithi ya Space Cowboys ilikuwa yake kwa haki yote, ikaishi maili chache kutoka Dallas, na Hollywood ikaiandika kwa wanaume. Linda Hamilton alirudi na bunduki katika Terminator: Dark Fate akiwa na miaka 63, na mwaka 2024 June Squibb, miaka 94, alibeba Thelma juu ya kigari cha umeme kiendacho mwendo wa kobe, na mashaka ya kama atafika yalinikaza moyo kuliko mbio za magari. Waliobaki ni wachache mno. Mwanaume akizeeka hupewa filamu ya kisasi. Mwanamke hupewa nafasi ya bibi anayepigiwa simu.

Katikati ya Fort Worth kuna bustani ya maji iliyofunguliwa mwaka 1974, kazi ya Philip Johnson na John Burgee. Ngazi za zege zinashuka pande zote hadi chini kabisa, na maji yanashuka nazo kwa kishindo. Hapo ndipo ulipopigwa mwisho wa Logan's Run ya mwaka 1976, filamu ya mji ambao kila mtu anauawa akifika miaka 30. Umati wa vijana unamzunguka mzee, wa kwanza kumwona maishani mwao, na kumgusa uso, vidole vikifuata makunyanzi. Mzee huyo aliigizwa na Peter Ustinov, aliyekuwa na miaka 50 na ushei tu, amepakwa rangi. Leo umri huo ni wa stelingi anayening'inia kwenye ndege.

Baba alipokuja kututembelea kutoka Dar nilimpeleka pale, nikamsimulia. Alisikiliza huku akiwatazama vijana wawili wanaoshuka kwa kuruka ngazi mbili mbili. Goti lake la kushoto linamsumbua miaka mingi, kwa hiyo nikamwambia tunachowaambia wazee kazini: kushuka tanguliza mguu mbovu, kupanda tanguliza mzima.

"Nani kakufundisha hayo, mwanangu?"

"Kazi, baba."

Tukashuka, mkono wake begani kwangu, maji yakitulowesha miguu ya suruali. Chini akakaa kwenye zege muda mrefu bila kusema. Kisha akavuta nyayo nyuma bila kuambiwa, akainama, akainuka. Akazitazama ngazi zote kutoka chini hadi juu, akahema, akaweka mguu wa kulia kwenye ya kwanza.